Tulianza 14 kukaa kimya alfajiri, tumebaki watatu. Kundi linasaidia, au linatupa pa kudanganyia tu?

#1 KimyaKingi (Dar)
Wakuu, salaam. Swali langu ni kwa wanaofanya tafakari ya Kibudha, iwe vipassana, zazen, metta au vyovyote, na wamedumu nayo zaidi ya mwaka. Wanaotaka kuniokoa wafungue uzi wao, nitapita kusalimia.

Mwezi wa pili tulianzisha kundi la WhatsApp, watu 14, wengi tulifahamiana pale hekalu la Upanga. Makubaliano mepesi: saa 11 alfajiri kila mtu kwake anakaa dakika 40, akimaliza anatupia tiki kundini. Hakuna maneno mengi. Mwezi wa kwanza tiki zilidondoka kama embe za Desemba. Mwezi uliofuata zikaanza kuja saa 2 asubuhi. Baadaye mtu anatupia tiki saa 7 mchana, chini yake kaandika "foleni jamani". Foleni na kukaa kwenye mkeka chumbani kwako vinahusiana nini? Leo tumebaki watatu, na mmoja nina mashaka naye. Anajijua, na yumo humu.

Kilichonileta hasa ni mimi mwenyewe. Jumanne alamu ililia, nikaizima, nikafungua WhatsApp kwa jicho moja, nikatupia tiki, nikavuta shuka. Saa 1 na nusu naamka nakuta vidole gumba viwili vya pongezi chini ya tiki yangu. Aibu ile sijaiona tangu darasa la tano.

#2 FundiBaiskeli (Buguruni)
Nimejijua. Tiki zangu zote halali isipokuwa mbili.

Tatu.

#3 MkekaWaBibi (Tanga)
Kimya, dakika 40 za nini kwa watu wanaoanza? Mnataka kuruka ukuta kabla hamjajua kupanda ngazi. Wekeni dakika 10. Wataalamu wanasema ukishikilia kitu siku 21 kinageuka tabia, halafu hata kundi hulihitaji.

#4 DaktariWaNgombe (Nakuru)
Mama Mkeka, hiyo ya siku 21 naomba tuizike leo. Ilitokana na daktari mmoja wa Marekani wa kurekebisha sura za watu, ambaye mwaka 1960 aliandika kwamba wagonjwa wake huchukua angalau siku 21 kuzoea uso mpya. Watu wakaondoa "angalau", wakaondoa na uso.

Waliopima kweli ni wa University College London, utafiti wao ulitoka mwaka 2009, watu 96. Wastani ulikuwa siku 66, na tofauti ilikuwa kubwa, kuanzia siku 18 hadi 254. Tena hao walikuwa wanajizoeza mambo kama kunywa maji wakati wa chakula au kukimbia kidogo. Kunywa glasi ya maji si sawa na kukaa dakika 40 na kichwa chako mwenyewe. Jambo moja zuri walilogundua: kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Kwa hiyo Kimya, tiki ya uongo hukuihitaji kabisa. Ungelala tu.

#5 KimyaKingi
Daktari, umenipunguzia dhambi au umeniongezea?

#6 MtuWaSaaMbili (Arusha)
Imeongezeka. Sila ya nne, yaani kanuni ya nne ya maadili yetu, ni kutosema uongo, na haijasema uongo wa emoji umeruhusiwa.

Mimi ni mwanafunzi wa zamani wa mkondo wa Goenka, mwalimu wa vipassana, nimekaa kozi tatu za siku 10. Kwa msioijua: kengele inagongwa saa 10 alfajiri, siku tisa hakuna kuongea, hakuna simu wala kitabu, chakula cha mwisho saa 5 mchana, na jioni anayeanza anapata chai na matunda. Ukitoka unaambiwa ukae muda wa saa moja asubuhi na muda wa saa moja jioni kila siku, ukipata wenzako mkae pamoja mara moja kwa wiki. Ndiyo jina langu hilo, saa mbili kwa siku.

Baada ya kozi ya kwanza nilitoka kama mtu aliyeoshwa kwa brashi ya chuma. Nilidumu wiki tatu. Baada ya kozi ya pili, miezi minne. Kwa hiyo napinga wanaosema ni suala la kundi. Pale kozini tulikuwa zaidi ya 30 kwenye ukumbi mmoja na hatukuongea wala kutazamana, lakini tulikaa. Kilichotuweka ni sila na ratiba. Mtu akidanganya mchana, jioni akikaa kichwa kinamrudishia yote. Mwisho anaukimbia mkeka kama mdaiwa anavyokwepa duka la Mangi.

#7 FundiBaiskeli
Mdaiwa wa Mangi nimeumia mimi.

#8 MwanaGaruga (Entebbe)
Kiswahili changu ni cha Uganda, mnisamehe.

Ssebo SaaMbili, hapo mimi sikubali. Kuna siku Ananda, mtawa aliyemhudumia Buddha, alimwambia Buddha kwamba marafiki wema ni nusu ya njia. Buddha akamwambia, usiseme hivyo Ananda, ni njia yote nzima. Neno lao ni kalyanamitta. Hapa kwetu Garuga, kwenye kituo ambacho mtawa Bhante Buddharakkhita alianzisha mwaka 2005, mimi nimeona. Yeye mwenyewe ni Mganda, alikutana na Dhamma, mafundisho ya Buddha, akiwa masomoni India, akapata utawa mwaka 2002 Marekani. Aliporudi, kwa Waganda alikuwa peke yake. Mtu wa hivyo hawezi kukwambia kundi ni nusu.

Mimi nyumbani nakaa dakika 15 na nahesabu mbu. Nikienda kituoni nakaa saa moja na mbu ni wale wale.

#9 PembeMoja (Dodoma)
Hamjagusa kifaru. Kuna sutta, yaani andiko la mafundisho ya Buddha, ya zamani sana ambayo karibu kila ubeti unaisha na maneno haya: tembea peke yako kama pembe ya kifaru. Hakuna kundi la WhatsApp pale. Nimekaa peke yangu miaka sita, sijawahi kumtumia mtu tiki. Makundi yanazaa wivu: nani kakaa muda mrefu, nani kaona mwanga, nani kalia machozi. Mwishowe mnatafakari kuhusu wenzenu.

#10 DaktariWaNgombe
Pembe, umesoma nusu. Sutta hiyo hiyo katikati inasema ukimpata mwenzako mwenye busara na mwenendo mwema, nenda naye ukiwa na furaha. Usipompata ndipo utembee peke yako.

Na nikiongea kama mtu wa wanyama, kifaru wa India ana pembe moja, ndiyo maana mfano ukatokea. Wetu wa Ngorongoro na Nakuru wana mbili. Mwafrika anatakiwa atembee na mwenzake.

#11 MkekaWaBibi
😂😂 Daktari, hiyo iandikwe ukutani. Na siku 21 nimezizika, asante.

#12 PembeMoja
Pembe mbili lakini mbele na nyuma, haziendi sambamba.

#13 MamaSangara (Mwanza)
Ngojeni niwape kisa cha sisi tuliojifanya wajanja. Tulikuwa wanawake 9, tukasema sisi vikoba tunaviweza, kwa nini hili litushinde? Tukaweka katiba. Asiyekaa asubuhi, faini 2,000. Mweka hazina mimi.

Wiki mbili za mwanzo faini ilikuwa 6,000 tu. Halafu nikaanza kuona kitu. Mtu anatuma 14,000 Jumatatu asubuhi, ujumbe: "Dada, ya wiki nzima hiyo, nina wageni." Yaani kalipia usingizi kwa jumla! Zamani akikosa alikuwa anaona haya, sasa kalipa, nani amuulize? Mwezi wa tatu sanduku lina 184,000 na waliokaa asubuhi ile ni wawili, mimi na jirani yangu. Tulinunua mchele na kuku tukala pilau, tukavunja kundi kwa amani. Pilau lilikuwa tamu, sisemi uongo.

Jirani yangu bado tunakaa mpaka leo. Hakuna faini. Nikisikia anafagia uwanja kabla sijaamka, najua kashamaliza, naona vibaya.

#14 MtuWaSaaMbili
Ndiyo maana kozi zetu hazina ada. Unakula na kulala bure, gharama imelipwa na waliotangulia, na wewe ukimaliza unachangia atakayefuata ukipenda. Faini na dana, yaani kutoa kwa hiari, ni mbingu na ardhi.

Halafu nijisahihishe kidogo kuhusu kundi. Mwalimu wake Goenka, U Ba Khin, hakuwa mtawa. Alikuwa Mhasibu Mkuu wa Serikali ya Burma, na alifungua chumba cha tafakari ofisini kwake, akawafundisha wafanyakazi wake. Hao walikuwa wanaonana kila siku kwenye daftari moja. Huenda ile ndiyo ilikuwa siri.

#15 FundiBaiskeli
Wahasibu wa halmashauri yangu wangekaa kimya saa moja kwa siku, zabuni zingine zisingepita.

#16 BintiForodhani (Maskati)
Assalaam alaykum, mie Mwislamu, nimeingia kwa kuvutiwa na mada tu, mnivumilie.

Nilivyokuwa mdogo Unguja, mwezi wa Ramadhani wapiga ngoma walikuwa wanapita kutuamsha kula daku. Ngoma haikuuliza nani kaamka. Ilipita tu. Lakini babu alikuwa na rafiki yake wa tahajudi, sala ya usiku, mzee mmoja wa mtaa wa pili, kila usiku anakuja kugonga dirisha mara mbili kwa fimbo. Babu akikohoa, yule anaondoka. Hawakuongea. Siku babu alipofariki, usiku wa tatu yule mzee akaja akagonga, sijui kwa mazoea, sijui kwa majonzi. Bibi akakohoa.

Sasa nyie mna simu. Kwa nini msibipiane? Wawili wawili, si 14. Mmoja anabipu, mwingine anarudisha bipu, basi.

#17 MkekaWaBibi
Forodhani, umenitoa machozi saa 4 asubuhi, nina wateja dukani.

#18 MuuguziWaTheluji (Minneapolis)
Shukrani kwa uzi. Mimi ni mzaliwa wa Moshi, niko huku miaka 11. Nilijiunga na watu wa Dar wanaokaa saa 11 alfajiri kwa Zoom. Kwangu ni saa 3 usiku wa jana yake. Wamarekani wakirudisha saa zao nyuma Novemba inakuwa saa 2, na kila mwaka nachelewa wiki nzima kwa sababu nasahau ninyi hamsogezi saa. Mara ya kwanza kiongozi aliandika "tunaanza 11". Mimi nilishazoea saa za Kizungu, nikajiandaa kwa saa 5 usiku wa huku. Nikaingia nikakuta chumba kitupu, nikakaa peke yangu saa nzima nikidhani wenzangu wamezima kamera.

Huku pia kuna ukumbi wa Zen, Ubudha wa mkondo wa Japani, nilikwenda miezi kadhaa. Mnakaa mmeelekea ukutani, mnapumzika kwa kutembea polepole mkifuatana, mnarudi ukutani. Hakuna anayekuona uso. Nilifikiri ningesinzia, lakini nikawa nasikia pumzi ya mama aliye kulia kwangu. Akinyooka na mimi nanyooka. Sijui mnaitaje hiyo. Si aibu, maana hanijui jina. Si urafiki pia.

Kilichonirudisha kwa watu wa Dar ni kitu kidogo. Nilikosa siku nne, zamu za usiku zilifuatana. Siku ya tano nikaingia, kimya kama kawaida, tukamaliza. Mzee mmoja akafungua kipaza sauti, mara yake ya kwanza nimsikie, akasema: "Kiti cha Moshi kimerudi." Akafunga. Nimekaa miaka miwili kwa sentensi hiyo.

#19 Mwanajumuiya (Songea)
Sisi Wakatoliki hayo tunayaita jumuiya ndogo ndogo. Nyumba kwa nyumba, kila wiki. Usipokwenda wewe, wiki inayofuata jumuiya inakuja kwako na viti vyao. Utajificha wapi? Nyie mnajificha nyuma ya tiki, sisi mtu anajificha nyuma ya mlango na bado watoto wanasema "baba yupo ndani".

#20 KitanziChaMaua (Nairobi)
Mwanajumuiya amenigusa. Mimi ni wa Nichiren, madhehebu ya Kibudha ya Japani, upande wa Soka Gakkai. Mkutano wa nyumbani kila mwezi, mtu anasimulia mambo yake, tunaimba daimoku, maneno yetu matakatifu, pamoja. Nimedumu miaka 9. Lakini najua humu mtasema kuimba si tafakari.

#21 PembeMoja
Kuimba si tafakari.

#22 KitanziChaMaua
Nilijua ni wewe.

#23 DaktariWaNgombe
Huo mjadala una uzi wake, kurasa 40, na haujaisha. Turudi kwa Kimya.

#24 MwanaGaruga
Nimerudi na hadithi. Kimya, wewe unalia mmebaki watatu. Kulikuwa na watawa watatu, Anuruddha, Nandiya na Kimbila, wanaishi porini. Buddha akawatembelea, akauliza mnaishije? Wakasema, kama maziwa na maji. Akauliza mnafanyaje? Sasa sikiliza majibu. Anayerudi wa kwanza kutoka kuomba chakula anapanga viti, anaweka maji ya kunywa na ya kunawa. Anayerudi wa mwisho anakula kilichobaki kama anataka, anaondoa viti, anafagia. Anayeona mtungi wa maji hauna kitu anaujaza. Ukiwa mzito kwake, anamwita mwenzake kwa ishara ya mkono, wanaubeba wawili, hawavunji ukimya kwa ajili hiyo. Kila usiku wa tano wanakaa mpaka asubuhi wakiongea Dhamma.

Hapo hakuna mtu anahesabu nani kakaa dakika ngapi. Wanaangalia mtungi.

#25 MamaSangara
Mtungi wenyewe nani anaujaza kwenye WhatsApp?

#26 MtuWaSaaMbili
Na usiku wa tano! Hilo ninyi hamkuwa nalo. Mlikuwa mnatupia tiki bila kuongea hata siku moja yanayowasibu mkiwa mmekaa. Mtu akipata wasiwasi au maumivu ya goti anadhani ni yeye peke yake, anakimbia. (Naona nazidi kusogea upande wa Garuga, msinikumbushe ya #6.)

#27 FundiBaiskeli
Mimi tatizo langu si goti wala wasiwasi. Ni usingizi. Napiga magoti kwenye kigoda changu, dakika ya nane kidevu kiko kifuani. Kuna dawa?

#28 MwanaGaruga
Moggallana, mwanafunzi mkubwa kabisa, alisinzia pia. Buddha alimpa dawa kwa mpangilio: badilisha unachowaza, kumbuka mafundisho, yakariri kwa sauti, vuta masikio yako yote mawili na usugue mwili, simama unawe macho kwa maji utazame nyota, wazia mwanga, tembea huku na huko. Vyote vikishindikana, lala ubavu wa kulia, na ukiamka inuka mara moja.

#29 FundiBaiskeli
Nimesoma mpaka mwisho. Naanzia na ile ya mwisho.

#30 MkekaWaBibi
Nilijua tu.

Ila kuvuta masikio, mwalimu wangu wa hesabu alijua Dhamma bila kujijua.

#31 KipepeoCheupe (Morogoro)
Samahani natoka nje ya mada. Hekalu la Upanga ni la Wachina, sivyo? Nataka kwenda.

#32 BabuWaPosta (Dar)
Si la Wachina, kijana. Ni la Wasinhala, watu wa Sri Lanka, enzi hizo ikiitwa Ceylon. Walikuja kufanya kazi hapa zama za Mwingereza, wakaunda chama chao, na hekalu lipo tangu miaka ya 1920. Mti wa Bodhi, wa aina ile Buddha aliyoketi chini yake, upo pale uani. Nenda siku ya mwezi mpevu, vaa nguo za heshima, viatu unavua. Hakuna atakayekuuliza dini yako.

Nimesoma uzi wote. Wasinhala wale walikuwa mamia, baadaye wengi waliondoka, ikawa familia chache. Lakini mwezi ukipevuka, mlango unafunguliwa. Kwao Sri Lanka siku hiyo ni sikukuu ya taifa, kila mwezi, ofisi zinafungwa. Hapa ofisi haifungwi, wanakuja baada ya kazi na maua kwenye mfuko. Mwezi hauzimwi kama alamu. Labda ninyi mlikosea kuchagua kila siku, mkaacha siku yenyewe.

#33 PembeMoja
Babu, hoja nzuri, lakini mara moja kwa mwezi haimjengi mtu. Ni kama kwenda jimu siku ya mshahara.

#34 BabuWaPosta
Na wewe miaka sita peke yako, mbona unaujibu kila ukurasa wa uzi huu?

#35 MuuguziWaTheluji
😂 Pembe kimya ghafla.

#36 KimyaKingi
Wakuu nimerudi, siku 12 zimepita. Nimeshukuru wote. Matokeo haya hapa.

Tiki tumefuta. Mimi na Fundi tumechukua ya BintiForodhani: saa 11 kamili mimi nabipu, yeye anarudisha. Siku tano za kwanza barabara. Siku ya sita mke wangu akaniuliza, kwa sauti ya taratibu ile mnayoijua, ni nani anakubipu saa 11 alfajiri kila siku na wewe unaamka unakwenda kukaa sebuleni gizani. Nikasema Fundi Baiskeli. Akasema "Sawa." Siku ya saba simu ilipoita aliipokea yeye. Fundi akashtuka akakata. Sasa fikirieni.

Ilibidi Jumapili Fundi aje nyumbani, ajitambulishe, ale wali. Wakati anaondoka, mke wangu akamwambia, "Kumbe na nyie mna jumuiya." Siku ya tisa sikusikia alamu. Fundi alibipu mara nne, sikuamka. Aliyeniamsha ni mke wangu: "Mwenzio anakuita, amka ukakae." Kwa hiyo sijui sasa kinachoniamsha ni aibu, ni Fundi, ni bipu au ni mke. Daktari, wa London walipima hiyo?

Tatizo jipya ni yule wa tatu wetu. Hana mwenza wa kubipiana, na tukiwa watatu bipu zinachanganya.

#37 FundiBaiskeli
Nathibitisha, wali ulikuwa wa nazi. Na siku ya tisa nilikuwa nimeamka kweli, kwa hiyo sasa deni langu ni mbili.

#38 MuuguziWaTheluji
Huyo wa tatu mnipe mimi. Saa 11 yenu, saa 3 usiku yangu. Ila mwambieni Novemba asishtuke.

#39 DaktariWaNgombe
Kimya, wa London hawakumpima mke.

#40 MamaSangara
Muuguzi, bipu ya kimataifa inakatwa salio? Nauliza kwa ajili ya jirani yangu.